Naomba Nishushwe Alama

Kwa Bwana Meneja wa kiwanda chetu cha kufulia,

Shikamoo. Natumaini hujambo na wa nyumbani kwako ni wazima. Mimi ni yule mama wa meza ya kwanza, chumba cha pasi. Katika tathmini ya mwaka huu msimamizi aliniandika "Amevuka matarajio". Nashukuru mno, ila naomba kwa heshima zote nishushwe, kwa sababu hizi:

1. Tangu picha yangu ya mfanyakazi bora ibandikwe mlangoni, kila shuka korofi linaletwa kwangu. Mwenzangu wa meza ya pili aliandikwa "Wastani". Saa ya kutoka ikigonga anatupia mkoba begani: "Sisi wa wastani tunakwenda zetu, dada bora!" Kapu lake nabaki nalo mimi.

2. Msimamizi aliniuliza udhaifu wangu ni upi. Nikamjibu kwamba sijui kukataa kazi. Akacheka, akanijazia alama zote za ushirikiano.

3. Mume wangu aliisoma ile karatasi mara mbili. Siku hizi nikimwomba amwogeshe mtoto, anasema mtu aliyevuka matarajio hasaidiwi, maana kumsaidia ni kumdharau.

4. Hili ndilo linaloniuma. Mwanangu hajatimiza mwaka. Naondoka kalala, narudi kalala. Juzi katamka "mama" kwa mara ya kwanza, na aliyeitwa ni jirani anayenishikia mtoto. Jirani mwenyewe alikuja kunisimulia kwa furaha. Ningefanyaje? Nikampa hongera.

Kwa hiyo naomba niwe wa wastani. Ikiwa hata wa wastani atabakizwa jioni, basi niandikeni "Dhaifu", angalau mpaka mtoto anizoee sura. Nami nitajitahidi nistahili. Wiki iliyopita nilikusudia kabisa kuunguza foronya moja, lakini mkono ukainyanyua pasi wenyewe. Naamini nikipewa mafunzo kidogo nitaweza.

Msalimie mama watoto, mlinzi wa getini, na wote wanaokunywa chai hapo ofisini kwako.

Ni mimi, mfanyakazi wako bora kwa sasa,
Mama wa meza ya kwanza

Nyongeza: Nimeambiwa sasa hivi kwamba nikishushwa, ubora unahamia meza ya pili. Bwana Meneja, yule? Yule anayepiga pasi kola upande wa nje tu? Tafadhali ichane barua hii. Na Jumapili pia nitakuja.