Jembe Langu la Mahari Mlilolifungia Kabatini

Gisenyi, 30 Agosti 1999

Ndugu Rutayisire, Msimamizi wa Makumbusho ya Kilimo,

Pokea salamu za mwanamke mwenye furaha kuliko wote wanaokaa kando ya ziwa hili. Niliolewa wiki sita zilizopita na Ntwali, karani wa forodhani, ambaye hata akisoma orodha ya mizigo unatamani asimalize. Ningependa kuandika juu ya sauti yake tu, lakini nimelazimika kulalamika.

Mmechukua jembe langu la mahari. Lilifuliwa na babu yake Ntwali, likaletwa kwetu siku ya posa, nami nikaja nalo kwa mume. Mwezi uliopita Ntwali alilipeleka kwenye maonyesho ya kilimo ya Kanama, watu wamwonee wivu. Akaliegemeza kwenye meza moja, akaenda kununua brosheti za nyama ya mbuzi. Aliporudi, kumbe meza ile ilikuwa ya vyombo vyenu vya zamani, na jembe lilikuwa limeshapakiwa garini.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Karatasi mliyoibandika kabatini inasema: "Jembe la kale, lililotumika hadi kuchakaa." Ndugu, halijawahi kuchimba hata shimo la harage moja. Limechakaa kwa kushikwashikwa na mashangazi.

2. Karatasi hiyo hiyo inasema: "Mwenyewe hajulikani." Mwenyewe ni mimi, Kamikazi, nyuma ya soko, mlango wa bluu.

3. Utepe mweupe alioufunga shangazi Verediane huku analia mmeuhamishia kwenye pembe ya fahali wenu mliyemkausha, yule aliyepata zawadi ya kwanza mwaka 1974. Fahali huyo hakuniposa.

4. Jana tulikuja kulitazama. Mlinzi wenu, Muhamadi, akanifokea: "Mama, usiguse! Ile iko kitu ya wazee ya zamani." Ntwali wangu akamjibu: "Wazee gani? Njo ile jembe niliolea huyu!" Muhamadi akacheka: "Bon, na we ingia mu kabati, tukuandikie karatasi." Watoto wa shule waliokuwepo wakatupigia makofi.

5. Hili ndilo kubwa. Katika ukoo wa mume wangu, bibi harusi hagusi shamba mpaka mama mkwe amkabidhi jembe lake la mahari, alime mstari wa kwanza mbele ya majirani. Hapo ndipo anaitwa mke. Mama mkwe wangu, Nyirabagenzi wa Kanama, amepanga Jumamosi hii, na mbegu za maharage ameshazichagua. Bila jembe nitabaki bibi harusi: nakaa ndani, nakunywa maziwa, wifi yangu Gwiza ndiye anayeteka maji. Nikizeeka hivi, wajukuu wangu wataniitaje?

Kwa hiyo naomba jembe lirudi kabla ya Ijumaa jioni. Kama sheria zenu zinakataa, basi nichukueni na mimi mniweke kabatini kando yake. Ntwali naye aje, maana bila yeye silali. Tutahitaji mkeka wa watu wawili na pazia upande wa kioo.

Msalimie mama watoto, watoto wote, Muhamadi pia (nimemsamehe), na yeyote anayempangusa vumbi fahali.

Wako katika furaha na uchungu,

Kamikazi
Karibu nitakuwa mke wa Ntwali

Nyongeza: Ntwali amerudi kula chakula cha mchana na mimi, kama kila siku, akaisoma barua hii. Amenikumbusha kwamba baada ya mstari wa kwanza kuna mistari mingine. Mama mkwe ana shamba linaloanzia barabarani na kuishia juu kabisa kilimani, na wake wote wa ukoo hulala huko, bila waume zao, mpaka maharage yavunwe. Tafadhali, Ndugu Msimamizi, ongezeni kufuli. Na ile karatasi iacheni vilevile, hasa pale panaposema mwenyewe hajulikani. Mama mkwe atakuja Alhamisi kuhakikisha, na anajua sana kusoma.