Vichwa vya Jibini

Saa nane mchana mtu asiyejulikana alibisha hodi kwa fundi cherehani, akaingia kabla ya kukaribishwa, akavua viatu kwa adabu ya mtu aliyealikwa.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye mpangaji."

"Marahaba. Lakini sina chumba cha kupangisha, mwanangu."

"Mpangaji wa jibini, mama. Nimetoka dukani."

Mjini walimwita Bwana Taratibu, kwa kuwa hakuwahi kukimbia ila alipofukuzwa. Jana yake alisimama kwenye foleni ya dukani nyuma ya fundi, akamsikia akimuuliza muuzaji jinsi jibini na matunda vinavyopangwa mezani. Saa kumi fundi angetembelewa na msimamizi wa hoteli na wenzake wawili, waje kumpima kabla ya kumpa kazi ya sare za wahudumu wote. Cherehani zake mbili zilikuwa zimefunikwa shuka tangu mwaka jana. Kazi hiyo ingezifunua. Naye maishani alikuwa amepanga vifungo tu.

"Unatoza kiasi gani?"

"Mama, sanaa haiuzwi!"

Hapo hakudanganya. Sanaa hakuiuza. Alichukua vichwa.

"Kila jibini ina kichwa," alieleza, akikata pande nene kama tofali. "Mgeni wa heshima hapewi kichwa. Na kikibaki ubaoni, kinachachua wenzake."

Akakifunga kwenye karatasi, akakitia mfukoni mwa koti lake lililotundikwa msumarini. Jibini tatu, vichwa vitatu. Ya mwisho ilibaki kiwiliwili tu, tena chembamba.

Fundi alimtazama. Kwa miaka thelathini alikuwa akiwaambia wateja kwamba mkasi nao hula. Vichwa hivyo alivifahamu. Kwake viliitwa upotevu wa kitambaa, na vilikuwa vimewavalisha wajukuu wanne.

"Unapanga vizuri," akasema. "Niahidi jambo moja tu. Usiondoke mpaka wageni wangu washibe."

"Naahidi, mama."

Kwake ahadi ilikuwa kama salamu, haijawahi kumfilisi mtu.

Lakini tusimwonee, kupanga alijua. Vipande vya jibini alivitandaza kama upepeo. Zabibu akaziachia zitiririke kutoka pembe moja ya ubao hadi nyingine, tufaha akalipaka ndimu lisigeuke rangi, embe akalichanja likachanua. Mwenyewe alirudi nyuma hatua mbili, akasahau kidogo kwamba alikuwa akiiba.

Wageni walifika, wakashangaa, wakala. Walikula kama watu walioruka chakula cha mchana kwa makusudi. Bwana Taratibu akavaa koti polepole, akashika kitasa.

"Ndiyo yote?" msimamizi aliuliza nyuma yake. Ubao ulikuwa mtupu. "Mimi, fundi, mtu humsoma mezani kwake. Anayebana jibini atabana na kitambaa."

Fundi hakumtazama Bwana Taratibu hata kidogo, na hilo ndilo lililomtesa. Mtu akikutazama, unaweza kumdanganya. Huyu alikunja mikono mapajani, akaitazama meza, kama anayemsubiri mtu aliyesema anakuja.

Mlango ulikuwa wazi. Mtaani hapakuwa na wa kumfukuza.

Bwana Taratibu akakohoa.

"Samahani, waheshimiwa. Hiyo ilikuwa awamu ya kwanza. Ya pili ilikuwa inapumzika."

Akaenda jikoni. Fundi akamfuata na ubao.

"Si ulisema mgeni hapewi kichwa?" alinong'ona.

"Nilisoma vibaya, mama."

"Hata mimi futi yangu huwa naisoma vibaya. Kata vizuri."

Alitoa cha kwanza, akakikata, akakipanga. Msimamizi alionja, akaomba apewe karatasi aandike idadi ya sare. Kikafuata cha pili. Cha tatu Bwana Taratibu alikishika muda mrefu kidogo, kisha nacho akakipeleka mezani, akasimama kando na mifuko mitupu, akingoja wageni washibe.

Wawili walishiba upesi. Yule wa tatu alichelewa sana kushiba.