Jaketi la Mkwe na Safari ya Iskanderia

Leo heshima yangu imepasuka, na mlio wake umesikika mpaka kwa jirani.

Nawaandikia mapema kabla Mama Mwende hajawaandikia, maana yeye atatia chumvi. Hii haihitaji chumvi.

Wengi mnajua akina mama wa ushirika wetu tunapanga safari ya Iskanderia, kule Misri. Mji wa kale. Bandari ya tangu enzi za wafalme, ngome imesimama mdomoni mwa bahari, makanisa ya kabla babu zetu hawajasikia kengele. Marehemu mume wangu, mwinjilisti, aliutamani mji ule maisha yake yote na hakufika hata Mombasa. Nikasema nitakwenda mimi nikauone kwa niaba yake. Nilisema mbele ya watu. Kwa sauti kubwa. (Mdomo huu!)

Ndipo nikaambiwa kuna siku moja ya kupanda boti ili tuione ngome kutoka majini.

Jamani. Mimi ni mtu wa milimani, Upareni. Maji makubwa niliyokua nayo ni ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba, na lile ukisimama huku unamwona mbuzi wa ng'ambo. Ndege siiogopi, nilifumba macho Kilimanjaro nikafumbua Minneapolis, huku Marekani. Maziwa ya hapa nayo siyaogopi wakati wa baridi, yanaganda mpaka watu wanaegesha magari juu yake. Maji yanayotikisika ndiyo siyataki. Wiki hii hata beseni la vyombo nilikuwa naliangalia mara mbili kabla ya kutia mkono.

Lakini kusema siwezi. Binti yangu Nakunda, ninayekaa kwake na ambaye ndiye mpangaji wa safari, alishanionya: "Mama, ukiogopa sema mapema. Utabaki hapa Champlin, sisi tutakuletea picha."

Picha! Mume wangu alikufa na picha tu.

Kwa hiyo nikajifanya simba. Jumapili iliyopita Mama Mwende, yule Mkamba nesi, alisema amejitoa kwa sababu ya boti. Nikamkaripia pale pale mlangoni mwa kanisa: "Mtu mzima unaogopa maji! Imani yako umeiacha wapi, kwenye gari?" Akainamisha kichwa. Na wengine waliokuwa wanataka kujitoa wakafunga midomo.

Nikarudi nyumbani nikatetemeka peke yangu.

Sasa, mume wa Nakunda, Baba Pendo, huvua samaki mtoni kila kiangazi. Garajini ametundika kitu cheusi chembamba kama mikanda ya mkoba. Juzi nikamuuliza. Nilisimama mbali, kama ilivyo kwetu, maana mkwe na mama mkwe hawapigi soga.

"Baba Pendo, kile kitu cheusi cha mtoni, ndicho kinazuia mtu asizame?"

Akajibu akiangalia sakafu: "Ndiyo mama. Ni jaketi. Likilowa tu linafanya kazi lenyewe."

"Ahsante."

Basi, mazungumzo yakaishia hapo. (Heshima ina gharama. Tungekuwa watu wa kupiga soga ningejua zaidi.) Mimi nilidhani linafanya kazi kimya kimya, kama dawa.

Leo mchana akina mama walikuwa wanakuja kupanga safari. Nikawaza: nikilivaa ndani ya gauni leo na hawa wenye macho ya mwewe wasione, basi Misri nitalivaa tangu hotelini na hakuna atakayejua. Nikalichukua garajini. Nikalivaa, nikafunga mikanda, gauni juu, mtandio juu ya gauni. Nikajitazama kwenye kioo. Nimenenepa kidogo tu. Safi!

Wakaja. Wakavua mabuti yao yenye theluji mlangoni, wakajaa sebuleni, ambayo huku imeungana na jiko. Hata Mama Mwende alikuja. Alisema anakuja kuaga tu na kusaidia jikoni.

Nakunda akaweka picha kwenye runinga. Bandari. Ngome. Halafu picha inayotembea: wimbi linapiga ukuta wa pwani, maji yanaruka juu, yanawaangukia watu barabarani! Watu wanaotembea zao tu! Nikaona hapo hata boti haihitajiki, bahari yenyewe inakufuata.

Nikasema, "Pazuri."

Mama Mwende akaniuliza polepole, "Mama, hayo mawimbi hayakushtui hata kidogo?"

"Yanishtue nini? Ni maji."

(Ndani ya jaketi moyo unapiga kama unadai mlango ufunguliwe.)

Ikafika saa ya kula. Pilau, kuku, kachumbari. Mama Mwende akachukua birika na beseni kutunawisha, akaanzia kwangu, mkubwa wao. Akapiga magoti. Maskini, bado alikuwa ananiogopa kwa yale ya Jumapili, mkono unamtetemeka. Mimi nami, badala ya kunyamaza, nikataka kuchekesha watu:

"Mimina mwanangu, usiogope. Hii si bahari."

Wakacheka. Mkono ukazidi kutetemeka. Kifuniko cha birika kikadondoka, na maji yote yakanimwagikia kifuani!

Halafu nikasikia kitu ndani ya gauni kinasema tssss.

Halafu PAAA!

Kifua kikaruka mbele! Vifungo vya gauni vikaondoka, kimoja kikatua kwenye kachumbari. Shingo ikakabwa, kidevu kikasukumwa juu, nikawa naangalia dari na siwezi kuangalia kwingine. Sikuwaza jaketi hata sekunde moja. Nilijua ni moyo umepasuka. Nikapiga kelele kwa nguvu zote Mungu alizonipa:

"Nakufaaa! Bwana nipokee! Nakunda, msinipeleke baharini! Naogopa! Naogopa maji tangu mwanzo! Nizikeni Upareni, mahali pakavu!"



Mama Mwende bado yuko magotini na birika tupu. Unesi wake ukaamka. Akanigusa kifua. Akagonga kidogo, ko ko, kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Woi! Mama, mbona uko na mkanda hapa?"

Nakunda akaja, akafunua ukosi. Kisha akasema taratibu sana, "Mama. Hili ni jaketi la Baba Pendo?"

Nikajibu nikiwa naangalia juu, "Taa yenu ina vumbi."

Wakajaribu kulivua, haliwezekani. Limevimba ndani ya gauni, mikanda imelowa, kila wakivuta ninasongwa. Nakunda akamwita mumewe. Nikasema hapana! Mkwe asije! Alishaingia anakimbia. Akaniona, mama mkwe wake, vifungo hamna, kidevu juu. Akageuka kwa kasi akajigonga paji la uso kwenye friji. Akabaki hapo hapo, uso kwenye friji, mikono nyuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

(Asubuhi tulishasalimiana. Ila mtu aseme nini?)

Akaendelea kuliambia friji: "Mwambieni mama kuna mrija mdogo, upande wa kushoto, karibu na kidevu. Toeni kifuniko, bonyezeni katikati."

Mimi niko hatua chache kutoka kwake. Nikasema, "Mwambieni nimesikia."

Mama Mwende akautafuta mrija, akabonyeza. Hewa ikaanza kutoka. Ule mlio, ndugu zangu, nimelelewa vizuri, siwezi kuuandika. Ulikuwa mrefu. Ulipanda, ukashuka, ukapumzika, ukaanza tena.

Friji likasema, "Hiyo ni hewa ya jaketi, mama, siyo..."

"Mwambieni anyamaze!"

Hapo ndipo walipoanguka. Mmoja alilala kwenye zulia. Mama Mwende alicheka mpaka akashika mguu wa meza. Mimi nimekaa, nimelowa, nasinyaa taratibu.

Sikujali kicheko. Nilichoogopa ni Nakunda. Alikuja na taulo, akaketi karibu yangu.

"Kwa hiyo mama unaogopa."

"Mtu akifa husema mengi."

"Hukufa, mama."

Nikatazama magoti yangu. "Naogopa, ndiyo. Lakini baba yako hakuogopa, na hakufika. Mimi nataka nifike. Usinikate jina."

Nakunda akawa ananipangusa tu, macho kwenye taulo. Nikajua naachwa na picha. Basi Mama Mwende akafuta machozi ya kicheko, akasema:

"Sasa mama, si ungeniambia hiyo siku? Mimi nilikuwa natafuta mtu mmoja tu wa kuogopa na yeye. Sijui ku-swim, lakini kama unaenda, naenda. Tukae kiti kimoja."

Nakunda akatutazama sote wawili. "Haya. Kiti kimoja, katikati ya boti, na sitaki kelele."

Na kutoka kwenye friji: "Mwambieni mama, kwenye boti wanagawa majaketi. Kila mtu lake."

Yaani nimeiba bure!

Safari iko palepale. Naomba asicheke mtu. Kwenye boti mkono wangu wa kulia utakuwa shingoni kwa Mama Mwende, na wa kushoto bado unatafuta shingo.