Bila Kravati, Hapana Kuingia

Jumatatu, 9 Agosti 1976
Yaya Mulumba anavuka ziwa toka Kilwa ya Zaire Jumamosi. Ni kaka mukubwa wa Agnès. Yeye asipokubali, Agnès haolewi. Tunaomutaka ni wawili: mimi, na Lackson wa duka la chumvi. Lackson ana mutumbwi wa mota. Mimi nina suti ya 1957, ya ukarani wangu wa Elisabethville. Inanienea bado, nikizuia pumzi. Basi Jumamosi saa nane nafanya fete, karamu ya mavazi ya miaka ya hamsini, hapa kwangu Nchelenge. Kravati, yaani tai, lazima. Miaka ile Lackson alikuwa anakimbia bila suruali pale Kashikishi. Atavaa nini?

Jumatano, 11 Agosti
Fundi Zacharia anashona kravati kwa kitambaa cha pazia, maua mekundu. Nusu ya Nchelenge wameagiza. Lackson hapana. Amesema hawezi kujinyonga kwa pazia. Vizuri sana.

Ijumaa, 13 Agosti
Mulangoni nimeweka ubao aliopaka Zacharia, bila kravati hapana kuingia, na Chabu, muvuta nyavu, mutu wa mabega. Nikamwambia bila kravati asiingie hata chifu. Akauliza, na ndugu? Nikasema hao ndio wa kwanza kuharibu kazi. Agnès alisikia, akasema nitajuta. Wanawake hawajui mipango.

Jumamosi, 14 Agosti
Watu thelathini, wote maua mekundu, kama kwaya. Kwa dirisha nikaona Lackson anarudishwa. Raha gani! Nikarudi katikati ya wageni kumungoja Yaya Mulumba. Saa tisa, bado. Saa kumi, bado. Nikasema ni upepo ziwani.
Saa kumi na moja Chabu akaja kuomba chakula. Akajisifu: amerudisha wawili tu, Lackson na muzee mumoja wa ngambo, mwenye koti la kufunga shingoni. Muzee alisema yeye ni kaka ya Agnès. Chabu akamujibu kwamba ndugu ndio wa kwanza kuharibu kazi.
Kule Zaire kravati imekatazwa mwaka wa ine sasa. Habari ikifika Kilwa kwamba ameivaa, analala kasho, jela yao. Na mimi najua! Suti yangu iko huku Zambia kwa sababu hiyo hiyo.
Nikakimbia. Kifungo cha suruali kikaruka njiani. Nikawakuta kwa Lackson, wanakula bukari, ugali wetu, na samaki mubichi wa kuchemsha. Yaya anamwita Lackson mutoto wangu. Agnès anawanawisha mikono. Nikasema kosa ni la Chabu. Yaya akauliza ile sheria nani aliiandika. Nikasema ubao aliupaka Zacharia.

Jumapili, 15 Agosti
Agnès alikuja baada ya misa. Akasema kaka yake alisimama juani saa nzima kama mwizi, na aliyemuletea kiti ni Lackson. Wamekubaliana ndoa. Akasema angeweza kunisamehe mulango, lakini si kumusingizia Chabu. Imeniuma. Sikula.

Jumanne, 17 Agosti
Nimefikiri siku mbili, nimeona kosa liko wapi. Ni miaka. Kravati inaleta siasa. Miaka ya arobaini watu walivaa kofia, na kofia haikukatazwa popote. Germaine, binamu ya Agnès, hajaolewa, na mama yake anakuja toka Chisenga mwisho wa mwezi. Fete nyingine, basi: bila kofia, hapana kuingia. Chabu ameuliza kama kitambaa cha kichwani cha wamama ni kofia. Nimemujibu hapana, na asimuhurumie mutu.