Jitu la Getini Limenikosesha Kazi

Leo nimeaibika mbele ya mwajiri, mbele ya watoto na mbele ya rafiki yangu mwenyewe, na nina hasira mpaka chakula kimenishinda. Nasimulia mimi kabla Amba hajawasimulia, kwa sababu namjua, ataongeza chumvi.

Kwa wasiomjua, Ambakisye, yaani Amba, nilikaa naye chumba kimoja chuoni, na huko tukanaswa na mchezo mmoja wa mezani. Mmoja wenu anakuwa refa, anasimulia dunia ya mapango na majitu. Wengine kila mtu ana mhusika wake, anasema mhusika huyo anafanya nini. Pakiwa na mashaka, inarushwa dadu yenye pande ishirini. Basi. Hakuna kamari, hakuna uganga. (Mama, kama unasoma, nimeshakueleza.)

Tatizo ni kwamba mimi na Amba hatuchezi mchezo mmoja. Amba ni wa mtindo wa zamani. Sheria chache, mhusika hana hata jina la ukoo, akiingia pangoni bila kuchungulia anakufa, na ukitaka kumshawishi mtu unamshawishi kwa mdomo wako. Mimi ni wa mtindo wa sasa. Mhusika wangu ana machungu ya utotoni, ana ndoto, na kwenye karatasi yake ana alama za ushawishi. Akitaka kumbembeleza mfalme, narusha dadu, najumlisha alama zake na namba iliyotoka, ikiwa kubwa amefaulu, ikiwa ndogo ameshindwa. Kwa nini mchawi wangu mwenye ulimi mtamu aadhibiwe kwa sababu mimi ni mwoga wa kuongea? (Nikitaka kumpigia simu mtu nisiyemjua, naandika kwanza "Halo" kwenye karatasi, nisije nikaisahau.)

Sasa, kuna Madam mmoja ana shule ndogo ya msingi hapa Kihesa, Iringa. Alikuwa anatafuta mtu wa kuendesha klabu ya Jumamosi, maana wazazi wanalalamika kwamba watoto wanafaulu mitihani lakini wakisimamishwa mbele ya watu wanatazama viatu. Nikamwandikia kwamba mchezo wetu ni dawa ya jambo hilo. Akajibu: njoo Jumamosi uoneshe. Tangu nimalize chuo nimeomba kazi mpaka nimechoka, na huyu ndiye mtu wa kwanza kunijibu. Wa kwanza!

Dadu, lakini, ni za Amba. Na Amba yuko Uyole, kule Mbeya.

"Zitume kwa basi," nikamwambia kwenye simu.

"Dadu zangu hazisafiri bila mimi. Nakuja nazo."

Asubuhi hii akanitumia ujumbe: "Niko Nyololo, nakula mahindi." Mimi nikaanza kuwaza. Basi likiharibika? Mahindi yakimfanya achelewe kupanda? Akifika mapema je? (Hilo ndilo lilinitisha kuliko yote. Amba akifika mahali mapema, anaanza kuongea na watu.)

Alifika mapema.

Nilipoingia getini nilimkuta amesimama na Madam, wanacheka. Madam alikuwa amemsalimia kwa Kihehe, "Kamwene!" na yeye akamrudishia "Ndaga!" ya Kinyakyusa, basi urafiki ukaanza hapo hapo. Mimi, Mhehe wa kuzaliwa, nilimsalimia Madam kwa Kiingereza. Niliona kiofisi zaidi. Madam akanitazama kama mtu aliyekosea nyumba.

Nilimvuta Amba pembeni. "Leo unakaa nyuma. Unanyamaza. Mimi ndiye refa."

"Sawa, kaka."

"Neno hata moja usiseme."

"Nimesema sawa, jamani! Unatetemeka nini?"

Nilikuwa natetemeka kwa baridi. (Hapana.)

Tukaingia darasani. Watoto wanne mezani, Madam karibu nao kwenye kiti cha mwalimu, miwani puani, kikombe cha chai mbele yake. Nikagawa karatasi za wahusika nilizoziandaa wiki nzima. Kila mhusika na historia yake, huzuni yake na alama zake. Mtoto mmoja akauliza historia ni ya kusoma yote. Nikasema ndiyo. Wakasoma. Wakasoma tena. Darasa likawa kimya kama chumba cha mtihani, na Madam akatazama saa yake.

Hatimaye wakafika kwenye geti la mlimani, linalolindwa na jitu. Zamu ilikuwa ya Upendo, binti mdogo mwenye sauti ya chini sana.

"Naliomba lifungue," akasema.

"Vizuri! Rusha dadu ya ushawishi."

Akarusha. Nne.

"Pole. Jitu limekataa."

Upendo akatazama viatu vyake. Nikaona Madam ameona.

"Refa, samahani," sauti ikatoka nyuma. (Nilimwambia asiseme hata neno moja! Mlinisikia!) "Kwa nini arushe?"

"Kwa sababu anashawishi," nikajibu bila kugeuka.

"Si aongee? Mdomo anao."

"Mhusika wake ana alama za kuongea, Amba."

"Mhusika hayupo, kaka. Aliyepo ni huyu mtoto."

Hapo nikageuka. Najua nilipaswa kutabasamu na kuendelea. Lakini ugomvi huu tumeuanza mwaka wa kwanza wa chuo na haujawahi kuisha, na damu ikapanda.

"Kwenye meza yako watu wanakufa kabla chai haijapoa!"

"Na kwenye yako hawafi hata wakimezwa!"

"Wamemezwa na nani?" mtoto mmoja akauliza, kwa matumaini.

"Hebu," Madam akasema, "mwache huyu kijana ajaribu."

Nikakaa pembeni. Sikuwa na la kufanya, nikaokota ile dadu, nikaikamata kama mtu aliyeshika nguzo. Amba akapanda juu ya kiti, akatanua mabega, akanguruma: "NANI ANAGONGA GETI LANGU?"

Watoto wakapiga kelele za furaha. Upendo akamkagua kuanzia miguuni mpaka kichwani.

"Shikamoo, jitu."

"Eeh... marahaba."

"Mbona uko nje na baridi hii huna sweta? Mama yako anajua?"

Amba akajikagua kifua. "Hajui."

"Basi fungua, tukaingie ndani wote. Ukiumwa ni nani atalinda hili geti?"

Amba akafungua geti lisilokuwepo. Watoto wakashangilia, Madam akapiga makofi, Upendo akawa amekaa wima kama mkuu wa mkoa. Na mimi? Mimi nilikuwa nimevimba kwa hasira! Geti langu! Jitu langu! Jitu lile nililiandikia huzuni yake!

Ndipo Madam akanigeukia.

"Fadhili, mwenzako ameonesha. Lakini aliyeomba kazi ni wewe. Sasa nishawishi. Kwa nini nikupe watoto wangu?"

Jibu nilikuwa nalo. Nililifanyia mazoezi bafuni. Lilianza na neno "kujiamini". Lakini akili yangu ikasimama pale pale, ikaanza kujiuliza: anasema "nishawishi" kwa ukali au kwa utani? Nisimame? Nikisimama kiti kitapiga kelele? Miaka yote ya chuo, kila nilipofika mahali kama hapo, mkono wangu ulikuwa unafanya kitu kimoja tu.

Ukakifanya.

Nikasikia dadu inabiringika mezani. Ikapita karatasi, ikagonga kikombe cha chai cha Madam, ikasimama.

Upendo akainama kuitazama. "Tatu."

"Tatu ndiyo nini?" Madam akauliza.

"Ni kwamba hajaweza kukushawishi, Madam," Upendo akamweleza kwa upole. Alinionea huruma. Naapa, mtoto yule alinionea huruma.

Nilipaswa kukaa kimya. Badala yake nilisema, kwa sauti kubwa kuliko zote nilizotoa leo: "Nina nyongeza ya mbili!"

Upendo akahesabu. "Tano. Bado haitoshi."

Nyuma yangu kitu kizito kilianguka. Ni Amba, ameteleza kwenye kiti kwa kicheko.

Madam alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mwanangu," akasema, na alivyolitamka lile neno nikajua kazi imekwenda, "mimi natafuta mtu wa kuwafundisha wanangu kuongea." Kisha akamtazama yule aliyekuwa anajikusanya sakafuni. "Wewe wa Mbeya, unarudi lini kwenu?"

"Kesho, Madam."

"Usirudi."

Njiani nilitangulia mbele kwa hatua ndefu. Tumefika karibu na soko ndipo akathubutu kufungua mdomo.

"Kaka, mimi nilikuwa nakutetea."

Jamani! Nilimwaga. Nilimwambia habari za urafiki, za usaliti, za barua zote nilizoandika zisijibiwe, za basi lililomleta na mahindi yaliyompa nguvu. Sikukwama hata mara moja. Nilitumia mikono. Mama mmoja muuza viazi aliacha kumhudumia mteja akanisikiliza mpaka mwisho, na nilipomaliza akamwambia Amba, "Huyu ana haki. Muombe msamaha."

Amba akaniomba msamaha. Kisha akatikisa kichwa.

"Sasa haya yote, Fadhili, si ungeyasema kule ndani?"

Sasa tumesharudi chumbani kwangu. Yuko hapa, amejifunika blanketi langu, anaandaa somo lake la kwanza na ananiuliza watoto wa Kihesa wanapenda majoka au mazimwi.

Naombeni asicheke mtu. Na kama kuna anayepangisha chumba maeneo haya, aniambie haraka. Si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya mwalimu mpya.