Miaka Kumi na Moja na Ufunguo Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Nchi hii itatuua kwa presha. Asubuhi redio imesema Mheshimiwa Rais anataka katiba ibadilishwe apate muhula mwingine. Mwingine! Nilikuwa nachonga ufunguo wa mama mmoja, mpangaji wa nyumba ya pili. Nikaweka tupa chini. Nikamweleza jambo zima kwa lugha ya mpira ili aelewe. Dakika tisini zimekwisha. Refa kaongeza tano, nazo zimekwisha. Sasa mchezaji kamng'ang'ania refa mkono, anataka nyingine. Za nini? Nani aliumia? Nani alilala chini? Mama akasema yeye anataka ufunguo tu, kaacha sufuria jikoni. Ndiyo maana hatuendelei.

Binti yangu alicheka. Huyu ni kitindamimba, ndiye ninayefanya naye kazi hapa dukani. Nimemfundisha kila kitu: kuchonga, kufunga vitasa, hata kuhakikisha mistari ya vichwa vya skrubu yote inasimama wima, maana fundi hujulikana kwa skrubu zake. Mwaka huu kapata kitambulisho cha kupigia kura. Yote anayoyajua kuhusu demokrasia kayasikia kutoka kwangu, kwenye stuli hii. Najivunia.

Sasa lile la Jumamosi. Daftari ni langu, niandike tu. Mimi ni mwenyekiti wa tawi la mashabiki, na ufunguo wa chumba cha tawi ninao mimi peke yangu, kwa usalama wa televisheni. Mechi ilianza saa kumi. Saa kumi na nusu nilikuwa bado dukani namweleza mteja ubaya wa kiongozi anayeshika kila kitu mwenyewe. Nikajisahau! Wanachama ishirini na sita walisimama mlangoni, wakalisikiliza bao letu kupitia ukuta, kwenye redio ya mwoka mikate wa jirani. Bao la kutoka katikati ya uwanja! Nilipofika hakuna aliyeitikia salamu.

Leo wameleta barua. Wanataka uchaguzi.

Jumanne, 4 Machi

Barua ni ya Fundi Friji. Duka lake linatazamana na langu. Miaka yote tunaazimana bisibisi, kumbe mwenzangu ana yake moyoni. Anagombea! Nikamwambia hana uzoefu. Akauliza uzoefu wa nini, wa kufungua mlango? Sikumjibu. Kiongozi hajibu kila kitu.

Binti akauliza, kwa adabu zake zote, katiba ya tawi inasemaje. Nikasema katiba ipo. Akauliza ipo wapi. Nikasema mahali salama. Kumbe anapajua. Jioni alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya televisheni, akainama, akaichomoa chini ya mguu wa meza. Ilikuwa imekunjwa mara nne, maana sakafu pale imebonyea. Televisheni ikalala upande. Akachomeka kipande cha ubao, ikakaa sawa. Yaani miaka yote hii ubao ungetosha.

Akasoma kwa sauti. Mwenyekiti atakaa misimu miwili, kisha wanachama watapiga kura. Mwandiko ni wangu mwenyewe, na ni mzuri. Mimi nimekaa misimu kumi na moja. Alisoma mara mbili bila kuinua macho. Afadhali angenicheka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Usiku kucha nimegeuka kitandani, alfajiri likanijia lenyewe. Nikaitisha kikao cha dharura.

Nikawaeleza polepole. Katiba inasema misimu miwili. Sawa. Lakini msimu ni nini? Msimu ni ule wa ubingwa. Mingine yote ni mazoezi. Timu yetu ilichukua ubingwa mara ya mwisho mwaka mmoja kabla sijawa mwenyekiti. Maana yake tangu niingie madarakani hatujapata msimu hata mmoja. Maana yake muhula wangu haujaanza!

Wakatazamana. Nikadhani wanatafakari. Kisha Mwalimu, mzee mstaafu aliyetufundisha hesabu nusu ya chumba kile, akasema amesahihisha madaftari miaka thelathini na tano na hajaona sifuri iliyojiamini hivyo. Chumba kizima kikaangua kicheko. Fundi Friji alicheka mpaka akashika ukuta. Wakampa Mwalimu kazi ya kusimamia uchaguzi. Jumamosi hii hii.

Binti peke yake hakucheka. Alikuwa kakaa benchi la nyuma. Tangu ana miaka saba anakaa kushoto kwangu, pembeni ya kiti cha mwenyekiti, kile chenye mikono. Alipokuwa mdogo alikuwa akisinzia wakati wa mapumziko, kichwa kwenye goti langu, na mimi siendi hata kujisaidia nisije nikamwamsha. Leo kushoto kwangu palikuwa patupu. Imeniuma. Imeniuma kuliko ile sifuri.

Njiani akaniambia wakili wa Rais kasema maneno hayo hayo redioni, kwamba muhula wa kwanza hauhesabiki. Nikamwambia hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Akauliza tofauti iko wapi. Nikasema ni ndefu, haielezeki barabarani.

Ijumaa, 7 Machi

Biashara leo imelala. Nikawaza.

Kocha akifungwa mechi tatu anafungasha virago. Waziri akifungwa mechi mia anahamishiwa wizara nyingine, anakwenda kufungwa huko. Mchezaji anauzwa. Mbunge anajiuza mwenyewe, tena hasubiri dirisha la usajili lifunguliwe. Ila shabiki hauzwi. Mimi nimefungwa miaka kumi na moja mfululizo na bado navaa jezi ile ile, imepauka mpaka zambarau imekuwa kijivu. Nani mwingine katika nchi hii anaweza kusema hivyo? Kama kuna mtu anayestahili kukaa asitolewe, ni shabiki. Na mimi ni shabiki. Basi.

Nilimsomea mke wangu hoja hii. Akasema ni nzuri sana, na je, fundi mwenye hoja nzuri hivi ataweka lini kitasa cha mlango wa choo chake mwenyewe, maana tunafunga kwa kamba tangu mwaka jana? Akaniambia niachane na uenyekiti. Nikamwambia ni utumishi. Akasema basi nitumikie na choo.

Lakini mchana mpango ukakamilika. Nikaenda kwa Mwalimu, mpole kama mkwe. Nikamwomba kura ipigwe kwa kunyoosha mikono, tena mechi ikiendelea, kwa sababu mapumziko watu hukimbilia chai, na mechi ikiisha hutawanyika. Nikaomba pia, kama heshima ya mwisho kwa mwenyekiti anayemaliza muda, nichague mwenyewe dakika ya kuanza kwa jina langu. Akanitazama kitambo. Akakubali.

Mikono! Watu ishirini na saba mbele ya televisheni. Kuna dakika moja ambayo mikono yote hunyooka yenyewe. Kazi yangu ni kuingojea tu.

Jumamosi, 8 Machi

Mungu wangu.

Kipindi cha kwanza, suluhu. Nikatulia. Mwalimu kila mara ananitazama, namwambia bado kidogo. Fundi Friji kavaa shati jipya. Binti yuko benchi la nyuma na katiba mapajani.

Dakika ya sitini na moja, penalti! Yetu! Mpigaji wetu hajakosa penalti tangu msimu uanze. Kaweka mpira, karudi nyuma hatua tano. Na mimi nikasimama. Kaanza kukimbia. Nikapaza sauti: wanaonitaka mimi, mikono juu!

Mwamba.

Mikono ilipanda, si uongo. Ikafika kichwani ikakaa hapo hapo. Watu wote wameshika vichwa, wengine wamefumba macho. Nikamwambia Mwalimu ahesabu haraka. Akauliza ahesabu nini. Nikasema mkono uliopita bega ni mkono uliopanda, kanuni haisemi upandishwe mpaka wapi. Mwalimu akasema mikono kichwani ni kilio, si kura.

Na kwa kuwa zamu yangu imepita, akaendelea hapo hapo. Wanaomtaka Fundi Friji? Hata sikumsikia vizuri. Mpira uliorudi ulikuwa umeokolewa ukawa kona, kona imepigwa, beki wetu karuka juu ya kila mtu. Bao! Chumba kizima mikono juu! Watu wanarukaruka juu ya mabenchi!

Na mimi. Nimesimama mbele ya wanachama wote, mikono yote miwili juu, napiga kelele. Nimempigia Fundi Friji kura mbili.

Mwalimu ni mtu wa haki, lazima niseme. Alifuta yote. Mechi ilipoisha akafunga mlango, akachana karatasi, kila mtu akaandika jina analolitaka. Fundi Friji ishirini na mbili. Mimi tano.

Timu imeshinda moja bila. Sikusherehekea.

Jumapili, 9 Machi

Watano. Mmoja ni mimi. Tangu asubuhi watu wanakuja nyumbani kunipa pole, na kila mmoja ananiapia kwamba yeye alikuwa miongoni mwa wale watano. Mpaka mchana wamefika kumi na mmoja. Hata Fundi Friji kadokeza kwamba roho ilimsuta, nusura aniandike mimi.

Binti alikuja mwisho, nikiwa nimekaa uani. Akaleta stuli, akakaa. Kushoto. Akasema, Baba, mimi sikukupigia. Akasema alitaka sana kuniandika, kalamu ilisimama hewani mpaka Mwalimu akamuuliza kama hajui kuandika. Lakini kila alipotaka kuandika jina langu alinisikia mimi mwenyewe nikisema kiongozi mzuri ni yule anayejua dakika zake zimekwisha. Akasema, wewe ndiye uliyenifundisha, ningekuandika ningekuangusha. Akalia.

Watu kumi na mmoja wamenidanganya ili nifurahi, na mtoto wangu mmoja kanieleza kweli. Nilimwambia amefanya vizuri. Nilimaanisha, wallahi. Naandika hapa nisije nikasahau.

Jumatatu, 10 Machi

Makabidhiano. Nilivaa koti. Nikatoa hotuba fupi, dakika arobaini. Nikasema huu ni mfano kwa taifa. Nikasema laiti Mheshimiwa Rais angekuwa katika chumba hiki leo, aone mtu anavyoachia madaraka kwa mkono wake mwenyewe bila kuburutwa. Kisha nikautoa mfukoni ule ufunguo, nikamkabidhi Fundi Friji mbele ya wote. Makofi! Wengine walisimama. Mwalimu alinishika mkono akasema leo nimepata jibu sahihi. Binti alikuwa anapangusa macho. Aliniambia siku hii hataisahau.

Nami nilijisikia mwepesi. Kitu kimenitoka kifuani. Nilirudi nyumbani nikaweka kitasa cha choo. Mke wangu alikifungua na kukifunga mara sita, kisha akanipa mnofu mkubwa.

Nakala, bila shaka, ninayo. Niliichonga Jumapili jioni. Fundi gani wa funguo anatoa ufunguo wa pekee bila kubaki na nakala? Ni kwa usalama wa wanachama. Fundi Friji ni msahaulifu, hata bisibisi zangu hazirudishi.

Jumatano, 12 Machi

Mechi ya katikati ya wiki ni leo saa kumi. Saa saba mchana nikamwambia Binti natoka kunyoosha miguu. Nikazunguka nyuma ya duka la mwoka mikate. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka nikae kidogo kwenye kile kiti kabla watu hawajaja. Kukaa tu. Ukikutwa umekaa, nani atakuinua?

Nakala ikaingia, ikagoma kuzunguka. Nikaijaribu tena. Nikainama kutazama. Kitasa kipya! Kimekaa sawasawa kabisa, hakuna hata mwanya wa karatasi. Skrubu nne, mistari yote minne imesimama wima.

Nilisimama pale muda mrefu. Kazi safi ile. Hata mimi nisingefanya vizuri zaidi.

Niliporudi dukani Binti alikuwa anasafisha jiriwa, ile tunayobania funguo. Akasema kamati mpya ilimwomba jana abadilishe kitasa, cha zamani kilichakaa. Sasa funguo ni tatu, kwa watu watatu, wanafungua kwa zamu, na mmoja anao yeye. Akauliza kama nilipita upande wa kule. Nikasema hapana. Akatazama viatu vyangu, vimejaa unga wa mwoka mikate. Akasema tu kwamba leo kaniwekea nafasi benchi la pili, pembeni yake, kushoto kwake safari hii.

Kisha skrubu zikawa zimekwisha, ikabidi akimbilie duka la vifaa. Akatoa ufunguo wa tawi shingoni, akauweka mezani mbele yangu. Kamba imekatika, akasema, nitunzie Baba mpaka nirudi. Nikamuuliza haogopi nitaupoteza? Akasema ananiamini. Akatoka bila kugeuka nyuma.

Mtoto mwema. Ila ana mengi ya kujifunza. Funguo tatu hazitoshi kwa chumba kama kile. Ikitokea dharura, je? Mmoja anaumwa, mmoja kasafiri, mmoja kasahau? Wanachama wasimame tena mlangoni? Mimi siwezi kuruhusu jambo hilo lijirudie.

Nilikuwa nimeshaubana kwenye jiriwa, nachonga wa nne, redio ilipotoa habari. Mheshimiwa Rais kakubali kuondoka. Ila atabaki kuwa mshauri mkuu wa atakayekuja, na ofisi yake ya zamani ataendelea kuitumia, kwa maslahi ya taifa. Nilipiga kelele mpaka tupa ikaniponyoka mkononi. Hawa watu hawafundishiki! Hawafundishiki hata kidogo! Fundi Friji alitoka dukani kwake kuuliza kuna nini. Nikamwambia siasa, arudi kazini.

Nikaokota tupa. Lilikuwa limebaki jino moja la kuchonga.