Kurugenzi ya Vivutio Visivyojulikana

Kwa furaha isiyo na kifani, na kwa nakala nne zilizogongwa mhuri, serikali iliutangazia umma kwamba mgeni yeyote atakayekuja mjini kwa mapumziko ya siku mbili hatahangaika tena. Mnara wa saa ameshauona kwenye kadi. Sanamu ya farasi ameshapiga nayo picha, na foleni ya kupiga picha hiyo imemlia nusu ya mapumziko. Mgeni wa siku mbili anataka kuona kitu ambacho jirani yake hajawahi hata kukisikia. Ndiyo maana ikaundwa Kurugenzi ya Vivutio Visivyojulikana, ghorofa ya nne, mlango wa mwisho kushoto, ukishapita stoo ya viti vibovu.

Kazi ilianza kwa kasi ya ajabu. Mwaka wa kwanza wakatafuta meza. Mwaka wa pili ikaandikwa Kanuni ya Vivutio, vifungu ishirini kamili, na aliyeichapa yote ni karani wa masijala, dada mmoja makini ambaye ofisi nzima ilimwita Dada Jalada. Kifungu cha saba alikichapa kwa herufi kubwa kwa sababu Mkurugenzi alikipenda mno. Kilisema kivutio, pamoja na watu na vitu vyote vilivyomo, kitabaki kama kilivyokutwa siku ya ukaguzi.

"Hapo nimewaweza," Mkurugenzi alisema, akijipapasa tumbo. "Watu wetu wana tabia mbaya sana ya kuendelea na mambo."

Dada Jalada akachapa, akagonga mhuri, akaenda zake kula. Hakuwa na hili wala lile.

Mwaka wa tatu wakaguzi wawili wakatumwa mjini kutafuta kivutio cha Kata ya Nne. Wakatafuta choo kwanza. Katika kutafuta choo wakapotea, wakaingia kichochoro cha nyuma ya duka la vyuma, na chini ya ngazi wakamkuta mtu kainamia cherehani.

"Wewe unamjua huyu?" akauliza wa kwanza.

"Simjui. Wewe?"

"Hata mimi simjui."

Basi ikathibitika kitaalamu kwamba hajulikani. Wakamzungushia kamba nyekundu, wakampiga picha tatu, wakabandika kibao. Fundi huyo alikuwa na miaka ishirini na miwili chini ya ngazi ile, na suruali aliyovaa mkaguzi mmojawapo ilishonwa palepale, ila aliyeipeleka ni mkewe.

Na fundi huyo, jamani, alikuwa kaka yake Dada Jalada, tumbo moja.

Aliposikia, Dada Jalada aliacha mhuri mezani, akateremka ghorofa nne kwa miguu. Alimkuta kaka yake ndani ya kamba, futi ya kupimia shingoni, pini tatu mdomoni, sindano imezama katikati ya mguu wa kushoto wa suruali. Mguu wa kulia ulikuwa umekwisha. Wa kushoto ulikuwa wazi kutoka goti kwenda chini.

"Kaka, toa hizo pini!"

"Wamekataa," akajibu kwa pembe ya mdomo. "Nilikutwa nazo."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu jana. Usiku naruhusiwa kwenda kulala, lakini asubuhi nikirudi nazirudisha palepale. Kuna picha. Mkaguzi anakuja kulinganisha."

Suruali ilikuwa ya mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani, ambaye alikuwa na suruali mbili tu za kazi na hiyo ndiyo iliyokuwa nzuri. Kila siku baada ya vipindi alikuja kuiangalia. Kwa kuwa kivutio kina utaratibu, alipanga foleni pamoja na wageni. Mgeni mmoja mwenye kofia akamwuliza kama yeye ni mtaalamu wa mambo ya kale.

"Mimi ni mwenye suruali," mwalimu akasema.

Wageni walikuwa watano au sita kwa siku, watu wa heshima, waliosimama dakika mbili, wakanong'ona, wakaondoka. Wateja nao waliondoka, lakini wao moja kwa moja. Wiki ya pili nguo zikaanza kwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, kijana mwenye mashine ya umeme na mdomo mrefu.

"Mdogo wangu," kaka akasema, na safari hii pini moja ilimchoma mdomo, "mwezi mmoja hivi na mimi nimekwisha. Mtu akishazoea fundi mwingine harudi. Nani alitunga huu upuuzi?"

Dada Jalada hakuweza kumtazama. Cherehani ile ndiyo iliyomsomesha, sare ya shule, madaftari, mpaka chuo cha ukarani. Na yeye kwa vidole vyake kumi ndiye aliyeichapia pingu, tena kwa herufi kubwa. Roho ilimuuma mpaka akashindwa kula.

Kesho yake akajikaza kisabuni, akaingia kwa Mkurugenzi.

"Mkurugenzi, yule fundi wa Kata ya Nne ni kaka yangu."

"Hongera! Ukoo wenu umeingia kwenye orodha."

"Haruhusiwi kushona, bosi."

"Nani kamkataza? Ashone. Cherehani ni sehemu ya mandhari."

"Akishona, suruali itakwisha."

Mkurugenzi akafikiri. Alikuwa mtu wa kutafuta suluhisho. "Basi ashone bila kuendelea."

"Bosi, hebu..."

"Dada Jalada, usinichanganyie mambo mwezi huu. Nasubiri barua yangu." Hiyo barua kila mtu aliijua. Alikuwa anapandishwa kuwa Katibu Mkuu, na suti alishaipeleka kufuliwa. "Sheria ni msumeno. Kama huitaki, isome vizuri utafute mlango."

Alisema kumfukuza tu. Lakini Dada Jalada alikuwa mtu wa masijala, na ukimwambia mtu wa masijala asome, atasoma. Kifungu cha kumi na moja: kila kata ni kivutio kimoja tu, na kikipatikana kisichojulikana zaidi, cha kwanza kinaachiliwa asubuhi inayofuata.

Siku nne mfululizo, muda wa chakula, alizunguka Kata ya Nne akitafuta mahali pasipojulikana. Kazi pevu! Kisima nyuma ya dobi kilijulikana. Ua wa kiwanda cha magodoro ulijulikana. Aliingia hadi kwenye chumba cha mitambo ya lifti juu ya paa, akakuta watu wawili wanacheza karata na wa tatu anasubiri zamu. Kila alipouliza, mtu alipajua na alikuwa na shemeji yake anayekaa pale. Siku ya nne alirudi kazini miguu imevimba, akaketi masijala, akalia machozi ya hasira.

Ndipo mlango ukagongwa.

Hakuna mtu ndani ya kurugenzi aliyejua la kufanya. Mlango ule haukuwahi kugongwa. Waliingia mume na mke, wageni wa siku mbili, wanahema.

"Samahani, dada," akasema mke, "tumeitafuta ofisi hii tangu asubuhi. Mlinzi wa getini haijui. Wa mapokezi ana miaka kumi na miwili humu, haijui. Yule wa ghorofa ya tatu ametuapia kwamba jengo lina ghorofa tatu."

Mume alikuwa anachungulia chumba cha ndani, ambako Mkurugenzi alikuwa amelala kitini, kiatu kimoja kimevuliwa, simu sikioni, kikombe cha chai kimesimama juu ya tumbo.

"Tazama," akamnong'oneza mkewe. "Kumetulia kweli. Tungejua tungeanzia hapa."

Dada Jalada akafuta machozi. Akavuta fomu ya ukaguzi na kamera ya ofisi.

Msije mkasema alimvizia mtu. Jioni hiyo, Mkurugenzi alipoamka, alimpelekea jalada la kusaini na akasimama mbele yake.

"Nikusomee, bosi?"

"Wewe soma, mimi nasaini."

Akamsomea yote. Kivutio kipo ghorofa ya nne, Kata ya Nne. Hakuna raia aliyewahi kuhudumiwa. Mlinzi wa jengo hakijui. Kina mkuu mmoja, alikutwa amelala saa tisa alasiri, kiatu kimoja, kikombe tumboni.

"Maridadi!" Mkurugenzi akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe wapo watu wa namna hiyo kwenye mji wetu? Na wanalipwa?"

"Wanalipwa, bosi."

"Nchi hii!" Akasaini, na chini yake akaongeza kwa mkono wake: *Kitekelezwe mara moja, bila huruma.*

Kesho yake, saa mbili na nusu asubuhi, fundi alitema pini tatu kwenye kopo, saa nne mwalimu wa hesabu alivaa miguu yote miwili palepale kichochoroni, na hakuna aliyemcheka. Wateja hawakurudi wote. Walirudi wa kutosha.

Saa tano wakaguzi walipanda ghorofa ya nne wakiwa na kamba na picha. Mkurugenzi aliwapokea kwa mikono miwili, akidhani wameleta barua. Barua nayo ilikuja kweli, alasiri, fupi: Wizara inasikitika, nafasi ya Katibu Mkuu amepewa mwingine, kwa kuwa mhusika ni mali ya urithi na hahamishiki.

"Andika rufaa!" akapiga kelele kutoka kitini, akishika kikombe kisianguke. "Dada Jalada! Andika sasa hivi!"

"Kwa nani, bosi?"

"Kwa mamlaka husika!"

"Rufaa zote hupokewa na Mkurugenzi mwenyewe," akasema Dada Jalada, bila kufungua kitabu, "akiwa amesimama kaunta."

Kaunta ilikuwa hatua tano upande wa pili wa kamba. Nje, foleni ya wageni ilikuwa imefika mapokezi, na mlinzi wa getini alikuwa anawaelekeza kama mtu aliyezaliwa ghorofa ya nne. Mtoto mmoja akamvuta mama yake, akasema mbona hili sanamu linafoka. Mkaguzi mkubwa akaitazama picha, akamtazama Mkurugenzi, akainama kwa adabu zote anazostahili mkuu wa kazi.

"Samahani, mzee," akasema. "Ulikutwa umelala."

Mkurugenzi akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akafumba macho.